Ute si Utomvu

Mbalizi ni mji wa kando ya barabara. Malori ya kwenda Tunduma na Zambia hupita mchana na usiku, daladala za Mbeya mjini hushusha na kupakia, na pale watu wanapopishana kwa wingi ndipo wauza dawa hupanga meza zao. Mezani kuna magome yaliyofungwa kwa kamba, mizizi iliyokatwa vipande vya urefu wa kidole, unga wa kahawia kwenye makopo, na chupa zilizokuwa za maji ya kunywa ambazo sasa zimejaa kitu cheusi kama chai ya rangi iliyokolea. Kipaza sauti kidogo kinasoma orodha bila kupumua: presha, sukari, vidonda vya tumbo, bawasiri, ngiri, chango, baridi yabisi, miguu kuwaka moto, nguvu za kiume, kusafisha kizazi, chunusi, mba, madoa ya usoni.

Wengine husimama kwa ajili ya chupa. Mimi husimama kwa ajili ya orodha. Katika pumzi moja utasikia Kiarabu cha matabibu wa pwani, Kibantu cha bibi zetu, Kiingereza kilichokwisha kuzoeleka, na maneno yaliyotoka wodini Ifisi, hospitali iliyo papo hapo jirani. Nasema mapema ninachoamini: Kiswahili kina msamiati makini wa maradhi na matibabu, makini kuliko karatasi zinazobandikwa kwenye chupa hizi. Tunapouacha msamiati huo ufifie, mgonjwa ndiye anayelipa, kwa fedha zake na mara nyingine kwa figo zake.

Tuanze na dawa. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu, tukalitanua mpaka likabeba karibu kila kitu. Ipo dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu, dawa ya nywele. Dawa ya deni ni kulipa, dawa ya moto ni moto. Maji aliyoyagawa Kinjekitile Ngwale kule Ngarambe mwaka 1905 yalikuwa dawa pia, na vita vya Majimaji, vilivyoitwa kwa jina la maji hayo, vilipanda hadi Ubena, katika nyanda hizi hizi za juu. Kwa hiyo anayekuambia "hii ni dawa" amekuambia jambo moja tu, kwamba kitu hiki kinatarajiwa kubadili hali fulani. Maana yenyewe hubebwa na kitenzi kinachofuata: dawa ya kutuliza, ya kukinga, ya kuponya, ya kulainisha choo, ya kukausha kidonda. Wazee hawakukiacha kitenzi. Siku hizi kimebaki kimoja tu, kutibu, nacho hutamkwa mbele ya presha na mbele ya mba kwa uzito ule ule. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, hilo linajulikana na limechunguzwa. Kutuliza ni kazi yenye heshima yake. Haina haja ya kupandishwa cheo.

Halafu kuna hili neno kienyeji, ambalo limetendewa vibaya. Mwenyeji ni mtu wa mahali, anayepokea wageni. Nenda gengeni uulize bei ya kuku wa kienyeji, utaambiwa yuko juu kuliko yule wa kisasa, na hakuna anayeshangaa, maana kienyeji hapo ni sifa. Mayai ya kienyeji, vivyo hivyo. Lakini sema "dawa ya kienyeji" mbele ya msomi, neno lile lile linaporomoka na kuwa dalili ya giza. Sheria ya nchi ililikwepa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ilichagua asili, ikaunda Baraza la kusajili watoa huduma na dawa zao. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1974, Muhimbili palikuwa na kitengo cha utafiti wa dawa hizi, ambacho baadaye kilikua kikawa taasisi kamili. Asili lilikuwa chaguo la heshima. Hata hivyo limeshatoka mikononi mwa wanasheria na watafiti, limehamia kwenye sabuni na losheni, na huko limepewa maana mpya: kitu kisicho na kemikali, kwa hiyo kitu salama.

Hapa naomba msomaji atazame milima iliyo juu ya Mbalizi. Huko Umalila hulimwa pareto, ua jeupe lenye kiini cha njano, na kiwanda cha kulisindika kiko Mafinga, mkoani Iringa. Hakuna kitu cha asili kuliko ua hilo, na kazi yake ni kuua wadudu. Asili hutueleza kitu kimetoka wapi. Habari ya usalama wake ni swali jingine kabisa, lenye jibu lake.

Mbadala nalo lina mambo yake. Badala ya nini? Katika sheria neno hili linashughulikia, kwa ujumla, mifumo ya tiba iliyotoka nje ya Afrika, kama ile ya Uchina na India. Mtaani limekuwa na maana ya "badala ya hospitali", na hapo ndipo madhara yanapoingia, kwa sababu mgonjwa wa kisukari anayeambiwa amepata tiba mbadala hulielewa neno jinsi lilivyo na kuacha insulini. Kwa bibi wa Umalila aliyezaliwa kabla ya zahanati kufika kijijini kwake, hospitali ndiyo iliyokuwa mbadala. Ningefurahi kama tungesema tiba saidizi pale ambapo dawa ya majani inatumika pamoja na ile ya hospitali kwa idhini ya daktari. Saidizi halimwachishi mtu kitu.

Watu hudhani hospitali ilikuja na lugha yake. Haikuja nayo. Iliazima kwa mganga. Ganga ni shina la Kibantu lililoenea mbali, Wakongo wana nganga, Wazulu wana inyanga, na katika Kiswahili kuganga ni kutibu, na pia kurekebisha kilichoharibika. Ndiyo maana tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Leo cheo cha juu cha udaktari serikalini ni Mganga Mkuu wa Serikali. Mkoa una Mganga Mkuu wake, kituo cha afya kina Mganga Mfawidhi. Chanjo imetokana na kuchanja, kazi ya wembe ya mganga aliyetia chale ndogo kwenye ngozi na kusugulia dawa humo. Wauguzi walipokuja na sindano za ndui na surua, watu waliliona tendo na kulipa jina walilokuwa nalo, na jina likakaa. Mkunga ni yule yule wa zamani, akaongezewa mafunzo na gauni jeupe. Hata wodini, muuguzi anapomkanda mgonjwa au mama anapochuliwa mgongo, vitenzi ni vya nyumbani.

Wakoloni hawakuiona tofauti ambayo Kiswahili kiliiona. Sheria ya uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 ilitungwa katika lugha ambayo mganga na mchawi walikaa karibu karibu, wakati kwetu mmoja ni adui wa mwingine. Kiswahili kina mganga, mwaguzi, mpiga ramli, mkunga, tabibu, mchawi, na kila mmoja ana kazi yake. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoisukuma serikali, Januari 2015, kupiga marufuku waganga wapiga ramli, wapo wauza majani waliojikuta wakinyooshewa vidole kwa sababu tu jina mganga wa kienyeji huwafunika wote, anayejua gome la kutuliza kikohozi na anayemtajia mtu adui yake. Jina pana mno humficha mhalifu na humchafua mtu mwema. Mkoani Mbeya, ambako waliojiita waganga wamewahi kuchonganisha vijiji kwa kutafuta wachawi, sioni neno linalohitaji kutenganishwa kwa haraka kuliko hili.

Upo mfano mwingine wa jina kuamua safari ya mgonjwa. Degedege, ule mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, kwa wengi ni maradhi yanayojitegemea, mbali na malaria. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha jinsi wazazi walivyoiona malaria kuwa ya hospitali na degedege kuwa ya mganga. Mtoto ni yule yule, vimelea ni vile vile, ila jina lilipobadilika njia nayo ikabadilika, na muda ukapotea.

Sasa niseme habari ya baridi yabisi, istilahi ninayoipenda kuliko zote zilizomo kwenye orodha ile. Yabisi ni Kiarabu, maana yake ni kavu. Wagiriki wa kale, na baada yao matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu kama Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, waliupima mwili na vyakula na miti kwa sifa nne: joto, baridi, ukavu na unyevu. Elimu hiyo ilivuka bahari ikafika pwani yetu, na Kiswahili kikayapokea maneno yote: hari, baridi, yabisi, rutuba. Rutuba leo tumeiachia shamba, lakini asili yake ni unyevu. Mtu aliyeumwa viungo alihesabiwa kuwa amezidiwa na ubaridi na ukavu, kwa hiyo tiba yake ilikuwa kinyume chake, kitu cha moto chenye mafuta. Tangawizi. Karafuu zilizochemshwa ndani ya mafuta ya mnyonyo. Kuchua taratibu karibu na moto, kisha blanketi. Jina la ugonjwa lilikuwa na maelekezo ya dawa ndani yake.

Neno hilo lilipopanda kuja bara, lilikuta hali ya hewa iliyolifaa kuliko kule lilikotoka. Juni na Julai Mbalizi hakuna mvua, udongo unapasuka, upepo unaoshuka kutoka milimani unachoma masikio, midomo inakauka mpaka inatoa damu. Ni baridi, na ni yabisi. Mzee anayeamka asubuhi hizo na kushindwa kukunja vidole hahitaji kufafanuliwa neno. Akichuliwa kwa mafuta ya moto atapata nafuu, na nafuu hiyo ni ya kweli, maana joto na mchuo hulegeza misuli na kupunguza maumivu.

Tatizo ni kwamba baridi yabisi imekuwa ghala. Humo ndani mna viungo vilivyolika kwa uzee, mna ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe, mna jongo, ambalo Kiswahili kilishalitenga kwa jina lake tangu zamani. Na mna mtoto. Mtoto anayeumwa koo, akapona, kisha baada ya wiki chache goti linavimba, kesho goti limepoa na kifundo cha mguu ndicho kinachouma, pamoja na homa. Hiyo huitwa homa ya baridi yabisi. Chanzo chake ni bakteria wa kooni, na inapoondoka kwenye viungo mara nyingi huwa imeshaacha jeraha kwenye vali za moyo. Penisilini iliyotolewa mapema kwa ajili ya koo lile ingeizuia. Mafuta ya karafuu hayafiki kwenye vali. Wagonjwa wa namna hii, wakiwa tayari vijana wasioweza kupanda kilima bila kuhema, hupelekwa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mzee na mtoto wameitwa jina moja, wakapakwa mafuta yale yale. Neno zuri, lenye historia ya zaidi ya miaka elfu, linahitaji mipaka.

Mipaka hiyo Kiswahili kinajua kuiweka. Siku moja nilimkuta mama mmoja sokoni akiuza majani ya mshubiri, yale manene yenye miiba pembeni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," nikamwomba anionyeshe namna ya kuyatumia. Akachukua kisu, akakata jani chini, akalisimamisha wima ndani ya kopo. Pale lilipokatwa pakaanza kutoka maji ya njano, mazito kidogo, yenye harufu kali. "Usiwe na haraka," akasema. "Hii iache idondoke yote, ni utomvu, utakuharisha." Yalipokatika akalaza jani, akachana ganda kwa ncha ya kisu, akafunua nyama nyeupe inayoteleza. "Huu sasa ni ute. Huu ndio wa kupaka."

Yule mama alisema kwa maneno mawili kile ambacho chupa nyingi hazisemi. Ute ni kile kinachoteleza na kulainisha, ute wa yai, ute wa bamia, ute wa mlenda. Utomvu ni kile kinachochuruzika mti ukijeruhiwa, cha fenesi, cha mpapai, cha mnyaa, na mtoto wa kijijini hufundishwa mapema kuutazama kwa hadhari kwa sababu hunata, hutia doa, huwasha. Maabara inasema vivyo hivyo kwa lugha yake. Katika utomvu wa mshubiri kuna aloini, inayosukuma utumbo kwa nguvu, na mwaka 2002 Marekani iliacha kuutambua utomvu huo kama dawa salama ya kulainisha choo ya kuuzwa bila cheti cha daktari. Ute, ukipakwa juu ya ngozi iliyoungua jua, hauna ugomvi huo. Anayekuuzia "alovera ya kunywa" bila kukuambia ni ute au utomvu hajakuambia anachouza. Nayo alovera, jina lililoingia na losheni za dukani, halina onyo ndani yake. Shubiri lina onyo. Ni uchungu wenyewe, uchungu ambao akina mama huupaka kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa. Ukisikia shubiri unasita, na kusita huko kuna faida.

Majina ya miti yanahitaji uangalifu huo huo, tena zaidi. Mwarobaini umepewa jina kwa hesabu ya magonjwa yanayosemwa kuwa unayatibu, na arobaini kwetu ni namba ya ukamilifu: arobaini ya mzazi, arobaini ya msiba, arobaini za mwizi. Anayeisoma kama takwimu ameisoma vibaya. Mti huu umetoka India na unapenda joto la pwani na Dodoma. Huku kwenye baridi hustawi ndugu yake, mmelia, unaopandwa kwa ajili ya kivuli na maua yake ya zambarau hafifu, na wapo wanaouita mwarobaini. Tazama jani. La mwarobaini limegawanyika mara moja, vijani vimepangwa huku na huku kwenye uti mmoja. La mmelia limegawanyika mara mbili, uti umezaa nyuti nyingine. Tofauti ni ndogo kwa macho yenye haraka, lakini matunda ya mmelia yana sumu kwa binadamu.

Kwamba jina lililokosewa linaweza kuharibu mwili, wanawake wa Brussels wanajua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene nchini Ubelgiji iliongeza kwenye vidonge vyake mmea wa Kichina. Uliokusudiwa uliitwa han fang ji. Uliotumika ulikuwa guang fang ji, mmea wa ukoo mwingine, wenye asidi inayoua figo. Majina yalikaribiana, mzigo ukachanganywa. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo, wengi wao wakaishia kwenye mashine za kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo miaka ya baadaye. Walitaka kupungua tu. Tunaposikia kipaza sauti kikiuza dawa ya kusafisha figo, tukumbuke kwamba figo ndizo zinazosafisha. Huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku. Kizazi nacho kina utaratibu wake wa kila mwezi wa kujisafisha. Kitenzi kusafisha kimeingizwa hapo ili mwenye afya ajione mchafu.

Kwenye ngozi, utajiri wa Kiswahili ni wa ajabu. Chunusi, choa, mba, mapunye, ukurutu, harara, upele. Upele husababishwa na mdudu mdogo anayechimba ngozi, na familia nzima hutibiwa kwa pamoja, la sivyo unarudi. Choa na mapunye ni vya kuvu, kimoja mwilini, kingine kichwani mwa watoto. Ukurutu hauambukizi, hutaka mafuta na kuepuka kinachouchochea. Harara hutaka hewa na nguo nyepesi. Bibi anayekutazama mkono na kusema "huu si upele, ni ukurutu" amefanya nusu ya kazi ya daktari. Muuza kopo lenye maandishi "dawa ya ngozi" ameifuta kazi hiyo yote.

Katika urembo tofauti ya majina ina uzito wa maadili kabisa. Zanzibar wana singo, mchanganyiko wa maua ya mlangilangi, asmini, mawaridi na liwa unaosuguliwa mwilini mwa bibi harusi siku za kuelekea ndoa. Jina hilo limetokana na kusinga, kusugua ngozi kwa upole mpaka ilainike. Bara tumetunga mkorogo, kutoka kukoroga, na neno hilo ni la kweli kuliko matangazo yote: vitu visivyopaswa kukaa pamoja vimekorogwa, krimu za dukani, sabuni iliyokunwa, hata dawa ya kung'arishia nguo. Singo inaiacha ngozi na rangi yake. Mkorogo unaichubua, na kuchubua ni kitenzi tunachokitumia pia kwa goti lililoanguka kwenye changarawe. Ndani ya krimu nyingi za namna hiyo hukutwa haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huigeuza ngozi ikawa na weusi usiotoka, na zebaki, inayopita kwenye ngozi mpaka kwenye figo. Nchini petu vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Sasa maduka yameliacha neno mkorogo kwa sababu linasema ukweli. Yanasema kung'arisha, kutakatisha, "losheni ya asili ya karoti". Dada yangu unayesoma hapa, ngozi yako haijachafuka hata itakatishwe.

Wanaotumia mkorogo huachwa na weusi kwenye vifundo vya vidole, na mtaani huitwa sugu. Sugu ni ngozi iliyokufa ganzi kwa kusuguliwa, ya kisigino, ya kiganja cha mwenye jembe. Madaktari wakalichukua, wakapata ugonjwa sugu, kisha usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Huu ni utungaji wa istilahi unaonifurahisha, kwa sababu mkulima wa Mbalizi akiambiwa vimelea vimekuwa sugu, anaangalia kiganja chake na kuelewa.

Mseto nao ni utungaji wa namna hiyo. Ni wali uliopikwa pamoja na choroko, na mwaka 2006 Tanzania ilipoiacha SP, dawa ya malaria iliyotangulia, na kuanza kutumia nyingine yenye viambato viwili, ikaitwa dawa mseto. Kimoja kati ya viambato hivyo kinatokana na mmea wa jamii ya pakanga. Tu Youyou wa Uchina aliuchunguza akianzia kwenye maandiko ya kale ya tiba ya kwao, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Hiyo ni tiba asili iliyokubali kupimwa. Mtu mzima hunywa vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Chai ya majani ya mmea huo haina hesabu hiyo, kiasi cha dawa hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kutibu malaria, mojawapo ya sababu ikiwa ni huo huo usugu.

Vipimo tulikuwa navyo. Ukufi ni kiasi kinachokaa kwenye kiganja kilicho wazi, konzi ni kile kinachojaa mkono uliofumbwa. Mtu aliyeagizwa ukufi wa majani hakuchukua konzi. Mwaka 2011, maelfu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kipimo kikawa kikombe kimoja kwa shilingi 500, kwa kila mtu na kila ugonjwa, na watoa vikombe wengine wakajitokeza mikoani, Mbeya ikiwemo. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa sababu ya kikombe. Mwaka 2020, wakati wa korona, likavuma neno nyungu, chungu cha kujifukiza, na majani ya mkaratusi yakawa bidhaa. Mvuke hufungua pua, na kujifukiza kwa mafua ni jambo jema kwa mtu mzima anayejihadhari na maji ya moto. Kuponya ugonjwa wa mapafu ni kitenzi kingine.

Istilahi ni neno la Kiarabu lililo ukoo mmoja na suluhu na maslahi. Ni makubaliano. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lina jukumu la kusanifu istilahi, Baraza la Tiba Asili lina jukumu la kusajili dawa, na nayaomba mabaraza haya mawili yakae meza moja na wauza dawa wazoefu, wakiwemo akina mama wanaojua ute na utomvu, waandike majina: jina la mti kwa Kiswahili, kwa lugha za mahali na kwa Kilatini, sehemu inayotumika, kitenzi sahihi cha kazi yake, kipimo chake. Kazi hiyo isisubiri wale wanaoyajua maneno waishe.

Nawe msomaji, unaponunua dawa ya miti popote ulipo, uliza ni mti gani, ni sehemu gani ya mti, ni kwa ugonjwa upi kwa jina lake, ni kiasi gani, na ni nani asiitumie. Mwenye majibu hayo ana elimu, mlipe na umheshimu. Mwenye jibu la "inatibu kila kitu" usinunue kwake. Na mtoto mwenye degedege, au anayevimba viungo baada ya kuumwa koo, mpeleke hospitali leo hii, kabla ya kuuliza dawa ya kienyeji, ya asili wala mbadala.